Udongo wa Kiamunyi

Gedion Kibii hakuwa mtu wa kuonea wivu mali. Jirani yake wa Kiamunyi akinunua gari, Gedion alikuwa wa kwanza kumpongeza na wa kwanza kuomba lifti ya kwenda mjini. Kilichomtia kijicho kilikuwa kitu kimoja tu, cha aina ambayo watu wazima huona haya kukitaja mbele za watu. Alitaka ijulikane kwamba kati ya wanafunzi wote waliopita mikononi mwa Profesa Chepkosgei, aliyependwa kuliko wote alikuwa yeye.

Profesa Chepkosgei aliwafundisha sayansi ya udongo chuo kikuu, enzi zile Gedion alipokuwa mwembamba na nywele zake zote zikiwa mahali pake. Wanafunzi walimwita Kifuli, kwa siri, kwa sababu saa mbili ya asubuhi ikigonga alifunga mlango wa darasa kwa kufuli aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Aliyechelewa alisikiliza somo akiwa dirishani. Si kusikiliza tu, aliandika pia, na Profesa akimwona haandiki alikatiza somo kumuuliza kama amekuja chuoni kuuza njugu. Mtoto wa mkulima, mtoto wa mbunge, wote walilijua dirisha lile.

Halafu hakuamini mashine. Maabara ya chuo ilikuwa na vifaa vizuri, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa kabla ya kuufunza mkono wake. Uchukue udongo, uuloweshe kwa maji kidogo, uukande kwenye kiganja, kisha uusukume taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka utokeze utepe. Utepe ukikatika mapema, mchanga ni mwingi. Ukirefuka na kung'aa, huo ni mfinyanzi. Bado hujamaliza, kwa sababu lazima uweke chembe kwenye meno ya mbele na kuuma polepole. Walipopelekwa Kariandusi kuona ule udongo mweupe unaochimbwa pale, aliwapanga mstari kama watoto wa chekechea, kila mmoja akaambiwa atoe ulimi aone jinsi udongo unavyonata. Msichana mmoja alipoanza kutapika, Profesa alimshika mgongo kwa upole kabisa, akamngoja amalize, kisha akamwambia arudi kwenye mstari.

Hapo ndipo palipokuwa na utata wake. Gedion aliposhikwa na homa ya matumbo muhula wa pili, alifumbua macho na kumkuta Kifuli mwenyewe amesimama kando ya kitanda chake hosteli, ana chupa ya chai iliyojaa uji wa wimbi. Alisimama pale mpaka tone la mwisho likaisha. Kisha akamuuliza zoezi la Jumatano liko wapi. Gedion aliandika zoezi lile akitetemeka kwa homa, na tangu siku hiyo akajiona mtoto wa mtu.

Tena kulikuwa na zile alama. Kwa Profesa Chepkosgei, sabini ilikuwa ya Mungu. Sabini kwenda juu ni A, na A, alisema, ni ya yule aliyeumba udongo, nyinyi mnajifunza tu kuusoma. Gedion alipata sitini na nane. Hajawahi kutokea mtu aliyebeba alama ya mtihani kwa heshima namna ile. Siku ya kupeleka mahari, mzee mmoja wa upande wake aliitaja sitini na nane kabla hajafika kwenye ng'ombe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Gedion hakungoja kusifiwa na mtu, alijisifu mwenyewe na maji akatia.

Kwa hiyo miaka ilivyosonga, popote alipokutana na mtu wa darasa lile akasikia maneno kama "Profesa alinipenda sana," Gedion alitabasamu kwa mdomo tu. Rohoni alikuwa akiwaka. Alitaka kuuliza, wewe uliletewa uji? Wewe ulipata ngapi?

Basi siku moja Bravin Odero, ambaye siku hizi ana kampuni ya kuuza mboga ng'ambo kule Naivasha, akaandika kwenye kundi lao la simu. Alisema ni aibu kwamba Profesa amestaafu siku nyingi na wao hawajawahi kumshukuru kwa heshima. Waende nyumbani kwake Rongai, wamkalishe kwenye kiti kipya na kumfunika blanketi, kama mzazi anavyofanyiwa na wanawe. Watu wakaitikia kwa vidole gumba na mioyo. Kisha Bravin akaongeza, kwa adabu nyingi, kwamba kwa kuwa yeye ndiye anayepanga, kama hakuna pingamizi, yeye ndiye atakayemfunika Profesa lile blanketi.

Gedion alisoma ujumbe huo akiwa mezani, ugali ukampalia. Anayefunika blanketi si mtu hivihivi. Huyo ndiye mtoto wa kwanza, hata kama hakuzaliwa wa kwanza, na picha yake ndiyo inayotundikwa ukutani. Bravin huyu huyu, aliyekaa dirishani mpaka akajua majina ya ndege! Gedion akaanza kupigia watu simu mmoja mmoja, eti kuwajulia hali, na kabla ya wiki kwisha kundi lilikuwa limegawanyika pande mbili. Kelele zikamfikia Profesa mwenyewe. Jibu lake lilikuja kupitia kwa Bravin. Kila mmoja atoke na udongo wa pale anapolala, ausome kwa mkono mbele yake, na atakayesoma vizuri zaidi ndiye atakayemfunika. Tena wasimletee keki.

Gedion alifurahi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha akaitazama mikono yake. Siku hizi alikuwa meneja wa duka kubwa la mbolea mjini Nakuru, lenye mashine yake ya kupima. Mkulima akileta udongo kwenye mfuko, kijana anautia kwenye mashine, karatasi inatoka, Gedion anasoma karatasi. Mkono wake ulikuwa haujakanda kitu zaidi ya chapati, na hata chapati ilikuwa ni siku ya Krismasi.

Akafanya alivyoona ni akili. Alichota udongo nyuma ya jikoni, akaupeleka kazini, akaupima kwa mashine, na matokeo yake akayakariri kama shairi la shule. Aliyakariri bafuni, aliyakariri akifunga viatu. Joyline, mkewe, alimsikia asubuhi moja, akasimama mlangoni na taulo begani akamwambia, "Si uuguse tu na mkono, Baba Cherop. Dakika moja utakumbuka." Gedion akamjibu kwamba hili si jambo la kujaribujaribu.

Ni lazima niseme hapa kwamba Joyline naye alikuwa wa darasa lile. Alizaliwa Nakuru, kwenye nyumba za reli, babake fundi wa mabehewa, na darasani alikaa nyuma kabisa, hana makuu, hana maneno. Sasa alikuwa akifundisha kilimo kwenye shule ya wasichana mjini, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi aliaga kwenda kwenye mkutano wa kina mama. Gedion hakuwahi kumuuliza alipata alama ngapi kwa Profesa Chepkosgei. Alidhani anajua.

Siku ilipofika walikwenda Rongai na gari lao, udongo wa Gedion ukiwa ndani ya kopo safi la kahawa, wa Joyline ukiwa kwenye kipande cha gazeti ndani ya mkoba. Nyumba ya Profesa ilikuwa katikati ya shamba la mahindi yaliyokwisha kukauka, na mwenyewe alikuwa amesimama langoni na gambuti za mpira miguuni, sweta la kijani na saa mkononi. Alikuwa amepungua mwili. Macho hayakuwa yamepungua. Aliwasalimia wote kwa mkono, akiwataja kwa majina ya baba zao kama zamani, ila alipofika kwa Joyline alisema tu, "Umefika," akapita. Gedion akamhurumia mkewe kidogo kwa kutokumbukwa.

Saa nne ilipogonga, Profesa alifunga lango. Kiplangat, ambaye sasa ni bwana mkubwa wa ushirika wa maziwa, alifika na suti yake dakika chache baadaye, akaachwa nje. Alisikiliza maombi ya kufungua shughuli akiwa ameshika waya wa ua, na watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Alipofunguliwa aliingia akisema, "Pole, Profesa," kwa sauti ya kijana wa mwaka wa kwanza.

Joyline akaenda jikoni kusaidia. Alirudi na vikombe na chujio bila kumuuliza mtu viko wapi. Gedion aliona, akajiambia kwamba wanawake hawapotei jikoni.

Wakakaa uani, wakaanza kumkumbuka mtu aliye mbele yao, jambo ambalo si rahisi, kwa sababu mhusika alikuwa akiwasahihisha. Mmoja alisema alifungiwa nje mara tatu, Profesa akasema ni nne. Kisha Kiplangat akasimama na kusimulia jinsi alivyougua malaria, Profesa akaja hosteli na chupa ya uji wa wimbi. Kabla Kiplangat hajaketi, mama mmoja wa upande wa pili akasema, hata mimi, nilipofiwa na nyanya. Bravin naye akadakia kwamba yeye uji wake ulikuwa na ndimu. Kwa kila "hata mimi" uani pale, ni kana kwamba mtu alikuwa akiingia nyumbani kwa Gedion na kutoka na kiti. Alitazama nyuso zao zilizojaa furaha na kuwachukia kwa dhati, watu ambao hawakuwa wamemkosea lolote. Uji wa ndimu. Yeye hakutiliwa ndimu.

Akajituliza. Uji si kitu, alijiambia, uji hata mgonjwa wa hospitali hupewa. Blanketi ndilo lenye neno.

Meza ikaletwa na beseni la maji, na Profesa akakaa mbele yake vilevile alivyokaa kwenye mitihani ya vitendo, mikono juu ya magoti. Mmoja baada ya mwingine walikuja. Kiplangat alisema mfinyanzi, akaambiwa arudi akakae. Yule mama aliyefiwa na nyanya alijikaza, akapata nusu. Bravin Odero alikunja mikono ya shati lake la bei, akaloweka udongo wake wa Naivasha, akaukanda kwa muda mrefu, akauma, akafikiri. Alisema ni kichanga, chenye majivu ya volkano, hakishiki maji. Profesa aliujaribu kwa vidole vyake na kutikisa kichwa kwa kukubali. "Hujasahau, Odero," alisema. Bravin alirudi kwenye kiti chake akiwa ameng'aa uso mzima, na Gedion akaona blanketi likimponyoka.

Alipoitwa alikwenda mbio. Alifungua kopo, akachota udongo kwenye kiganja, akasimama wima na kutangaza: mchanga arobaini na mbili kwa mia, mfinyanzi ishirini na moja, na iliyobaki yote ni vumbi laini. Watu waliguna kwa kustaajabu.

Profesa Chepkosgei hakuutazama udongo. Alimtazama mkono.

"Kibii," alisema, "mkono wako ni mkavu."

Ilikuwa kweli. Katika haraka yake ya kutema zile nambari alikuwa amelisahau beseni la maji. Vidole vyake vilikuwa safi kama vya mtu anayekwenda kupokea ekaristi. Mtu mmoja nyuma akakohoa, na Gedion akanywea. Lakini Profesa hakumfukuza. Alivuta kopo, akachovya vidole majini, akachukua udongo na kuanza kuukanda. Akautoa utepe. Akaweka chembe menoni, akauma, kisha akaacha kuuma.

"Hii ni ya nyuma ya jikoni," alisema. "Hapo karibu na parachichi."

Uani kulilipuka makofi. Walidhani wameona muujiza, na Gedion mwenyewe, akiwa amekamata kamba ya kujiokoa, alicheka kwa nguvu na kumuuliza Profesa amejuaje.

"Nimejua kwa sababu naletewa," Profesa alisema. "Si Joyline huniletea kila akikuja? Tulianza na huu wa juu, tukashuka mpaka kwa lile tabaka gumu linalotuamisha maji. Ndiyo nikamwambia achimbe mfereji. Parachichi limeshika sasa?"

"Limeshika, Profesa," Joyline alijibu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na birika mkononi.

Gedion aliukumbuka mfereji. Aliuona siku moja alipokwenda kutupa takataka, akadhani ni kazi ya kijana wa shamba, na akapita. Kisha akakumbuka Jumamosi za kwanza za mwezi, moja baada ya nyingine, na mkewe akirudi jioni na vumbi kwenye viatu, na yeye akiwa kwenye kochi akitazama mpira. Kikulacho ki nguoni mwako. Muda wote huo alikuwa akimchunga Bravin Odero, na kumbe aliyekuwa akikaa na Profesa, akinywa chai na Profesa, akiambiwa "umefika" tu kwa sababu hakuna haja ya kumsalimia mtu wa nyumbani, alikuwa akilala upande wa pili wa kitanda chake.

Hakuwa na hasira, bado. Alikuwa na njaa. Alitaka abakiwe na kitu, kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu pale uani angesimama na kusema hata mimi. Na alikuwa nacho.

"Sawa, Profesa," alisema, akijitahidi kutabasamu. "Mkono umesahau, nakubali. Lakini waambie tu hawa watu. Nani alipata alama ya juu kabisa kwa darasa lako?"

Joyline aliweka birika chini. "Profesa, wacha tu," alisema.

Profesa alikuwa akifuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Unauliza unataka jibu, Kibii, ama unataka sifa?"

"Nataka jibu."

"Huyu alikuwa ameniomba nisiseme, na miaka yote sijasema. Lakini mimi sijawahi kukataa swali la mwanafunzi, na sitaanza leo." Akaweka kitambaa mezani. "Ni Joyline. Sabini na nne. Nilisahihisha ile karatasi mara tatu nikitafuta mahali pa kumpunguzia, na sikupata."

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Kila mtu pale aliijua sitini na nane ya Gedion. Wengine walikuwa wameisikia kwenye harusi yake mwenyewe, kutoka kwa msema-chochote aliyeongoza sherehe, na bibi harusi akiwa ameketi pale pale na maua yake, akitabasamu. Bravin Odero aliinamisha kichwa na kuanza kutazama viatu vyake, na hiyo huruma ya Bravin ndiyo iliyomuuma Gedion kuliko yote.

Mume mwema, nadhani, angejivuna. Angesema, huyo ni mke wangu. Gedion aliyatafuta maneno hayo na hakuyapata, wivu ulikuwa umejaa nyumba nzima. Alimgeukia mkewe akamwambia mbele ya wote kwamba alimficha.

"Hukuwahi kuniuliza," Joyline alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikuyumba. "Siku matokeo yalitoka, tulikutana kwa ngazi za hosteli yenu. Ukaniambia kama kuna mtu amekupita kwa Kifuli, hutaki kumwona tena maisha yako yote. Ulikuwa unacheka, lakini nilikuangalia macho. Mimi nilikuwa nimekuja kukuonyesha yangu, Gedion. Nikaona afadhali nisikuonyeshe."

Gedion alikumbuka ngazi. Alikumbuka kwamba Joyline alikuwa amevaa rinda la manjano na kwamba alikuwa amekuja akikimbia. Maneno yake mwenyewe hakuyakumbuka kabisa, na aliona wazi kwamba ni yake.

"Nilikuwa nimemtafutia nafasi abaki chuoni," Profesa alisema. "Asome mbele, nimlee, nikistaafu ashike hilo darasa. Akakataa. Hakunipa sababu mpaka juzijuzi." Akamgeukia Gedion. "Mimi sijakasirika na wewe, Kibii. Wewe ulikuwa kijana na ulikuwa na mdomo. Nimekasirika na huyu. Mwanafunzi wangu mmoja wa A, maisha yangu yote ya kufundisha, na akaenda kujificha nyuma ya B. Ndiyo maana namwita hapa kila mwezi. Bado sijamaliza na yeye."

Alilisema hilo kwa ukali ule ule wa dirishani, lakini mkono wake ulikuwa umenyooka kumwita Joyline, na Joyline alikuja, Gedion akirudi kwenye kiti chake. Alitoa kile kipande cha gazeti, akachovya vidole. Hakuharakisha. Aliukanda udongo, ule ule wa Kiamunyi, akausukuma utepe ukajikunja mpaka ukakatika, akauma chembe. Alisema ni tifutifu yenye kichanga, nyepesi, tamu kwa mahindi, lakini usidanganyike na uso wake, chini yake kuna tabaka gumu. Profesa hakuujaribu hata. Alisimama, akavua sweta lake la kijani, akageuka apate kufunikwa.

Blanketi lilikuwa zito, la rangi ya damu ya mzee, limenunuliwa mjini kwa mchango wa wote. Lakini halipandishwi na mtu mmoja, aliyepewa heshima huchagua wa kumsaidia. Mmoja anashika pembe hii na mwingine pembe ile, wanalipandisha pamoja mpaka mabegani. Joyline alishika pembe yake na kumtazama mumewe. Hakumwita kwa mdomo, lakini watu wote waligeuka kumtazama Gedion, na njia kati ya viti ilikuwa wazi.

Alitaka kwenda. Ninyi mnaomcheka, mjue kwamba alitaka kwenda. Lakini akajiona akiwa ameshika ile pembe ya pili kwenye picha itakayotundikwa ukutani, mume wa yule aliyepata sabini na nne, akakunja mikono kifuani. Joyline alingoja. Alingoja kwa muda ambao ulianza kuwa aibu kwa kila mtu. Mwishowe Kiplangat, ambaye hawezi kustahimili kimya, alinyanyuka na suti yake na kulishika, na wawili hao wakampandishia Profesa blanketi mabegani. Kina mama wakapiga vigelegele. Profesa akawaambia inatosha, chai inapoa.

Alipoketi kwenye kiti chake kipya aliuacha mkono wake juu ya mkono wa Joyline, akausahau pale akiendelea kuzungumza na watu wengine. Gedion hakuweza kuondoa macho kwenye mkono ule. Yeye hakuwahi kuguswa hivyo na Profesa, hata siku ya homa. Wala, alipofikiria vizuri, hakuwahi kumwona Joyline akiwa ametulia vile, mabega yamelegea, haangalii kama kuna mtu anahitaji kitu. Aliona wivu kwa sababu ya Profesa na aliona wivu kwa sababu ya mkewe, na hakujua ni upi uliozidi.

Waliondoka mchana ukiwa bado mkali. Gedion aliendesha mpaka barabara kuu, malori ya Eldoret yakiwapita kwa kelele. Joyline alikuwa ameegemea dirisha, kucha zake zina udongo.

"Hiyo nafasi ya chuo," Gedion alisema walipokaribia Ngata. "Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

Alikuwa na majibu mazuri kadhaa tayari. Aliyapitia yote, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli. "Ningekasirika," alisema.

"Ndiyo," Joyline alisema. Hakusema kwa ubaya.

Wakapita maghala ya nafaka, wakapita maduka. Gedion alijisikia amefanya jambo kubwa kwa kusema lile neno moja, na kama ilivyo kawaida yake, alitaka alipwe papo hapo. Akasema kwamba Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao hatatazama mpira. Atampeleka Rongai mwenyewe na gari, hakuna haja ya kubanana kwenye matatu. Watakaa wote watatu, na yeye atajifunza upya, polepole, kwa mkono.

"Hapana, Baba Cherop," Joyline alisema.

"Kwa nini?"

Aligeuka kutoka dirishani, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu waondoke. "Kwa sababu ukikuja utataka kujua nani anapendwa zaidi."

Gedion alifungua mdomo akane, akagundua kwamba hilo ndilo alilokuwa karibu kumuuliza.